Pumziko la Mgeni, Usingizi wa Sentineli

Mji wa Goma umejengwa juu ya moto uliopoa. Mitaa yake mingi imekaa juu ya mawe meusi ya lava, na kuta za nyumba zimepangwa kwa mawe hayohayo. Kaskazini umesimama mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470. Lava ilishuka mwaka 1977. Ikashuka tena tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mara ya tatu ilishuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Katikati na baada ya tarehe hizo kuna misiba ya watu: wakimbizi wa Rwanda walioingia kwa mamia ya maelfu Julai 1994, kipindupindu kilichowafuata, waasi wa M23 kuuteka mji Novemba 2012, kisha kuuteka tena mwishoni mwa Januari 2025.

Mji huohuo una ufuo ambao kila aliyechoka huutamani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake si kali na upepo wake wa jioni humfanya mtu atafute sweta. Kartiye, yaani mitaa, za Himbi na Les Volcans zina nyumba za wageni zenye bustani inayoteremka hadi majini. Wapo pia wamiliki wadogo waliogawa nyumba ya familia ikawa na vyumba vinne au vitano vya kupangisha, na asubuhi mezani hupangwa chai, mkate, mayai na jibini ya Masisi. Wanaokwenda huko si watu wa mashirika peke yao. Kuna muuguzi aliyetoka zamu za usiku, mwalimu aliyemaliza kusahihisha mitihani, na wanandoa walioahirisha fungate yao kwa sababu ya vita.

Hao ndio huulizana swali ambalo halimsumbui sana mtalii wa kutoka mbali. Je, ni halali kupumzika hapa? Hadi mwanzoni mwa 2025 makambi ya Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala yalikuwa yameuzunguka mji, yakiwa na mamia ya maelfu ya watu chini ya maturubai. Yalivunjwa Februari mwaka huo, na wengi walirudi katika vijiji ambako nyumba zao hazipo tena. Mtu atalipaje usiku mmoja kando ya ziwa, huku shangazi yake akiwa amebanana na watoto saba katika chumba kimoja kule mtaa wa Ndosho?

Wengine hujibu kwamba raha mahali pa msiba ni dhambi. Wengine hujibu kwamba pesa ya mgeni hulisha wapishi na wafuaji, basi na alale kwa amani. Jibu la kwanza ni kali mno: linawadai waliochoka wasipumzike mpaka vita viishe, na vita vya Kivu vimekula maisha ya kizazi kizima. La pili ni jepesi mno. Pesa hulisha, lakini pesa hiyohiyo yaweza kumfanya mtu mmoja asilale ili mwingine alale.

Injili ya Marko, katika sura ya sita, inasimulia jinsi wanafunzi wa Yesu walivyorudi wamechoka kutoka safari za kuhubiri. Watu waliokuwa wakija na kuondoka walikuwa wengi hata wao hawakupata nafasi ya kula. Yesu akawaambia waende mahali pa upweke wapumzike kidogo, nao wakapanda mashua. Anayevuka kwenda Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu ambacho vita vimekigusa kidogo kuliko nchi kavu, anakielewa kisa hiki bila mhubiri. Umati uliwatangulia kwa miguu ukawangoja ufukoni, na Yesu akauhurumia. Haja ya kupumzika hakuikemea, na wenye dhiki hakuwafukuza. Kwa hiyo aliyechoka hana sababu ya kuomba radhi kwa uchovu wake. Linalobaki ni kuuliza pumziko lake limebebwa na mabega ya nani.

Hapo mila mbili za kale zinaachana. Katika Maadili ya Nikomako, Aristotle alifundisha kwamba watu hufanya kazi ili wapate faragha, na kwamba katika faragha ndimo maisha bora ya mwanadamu yalimo. Ni fundisho zuri. Lakini katika kitabu chake cha Siasa alieleza faragha hiyo inavyopatikana: raia wawe huru na kazi za mikono, na mashamba yalimwe na watumwa. Mtumwa mwenyewe hakutengewa fungu lolote katika faragha hiyo. Alikuwa sehemu ya mtambo wake.

Torati ilikata njia nyingine. Katika kitabu cha Kutoka, Sabato inaelezwa kwa uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba, na mwanadamu apumzike. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, amri ileile inarudiwa kwa sababu tofauti kabisa. Wapumzike mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni aliye ndani ya malango, ili mtumwa apate kupumzika sawa na bwana wake. Kwa maana na wao walikuwa watumwa Misri. Mgeni na mtumishi wamewekwa katika sentensi moja. Mungu wa andiko hilo hatambui Sabato ya nyumba ambamo mwenye mali amelala na mjakazi anaosha vyombo.

Ni vema kuisoma tena hadithi ya ukarimu inayopendwa kuliko zote kwa macho hayo. Wakristo na Waislamu wa Goma wote wanamjua Ibrahimu aliyewapokea wageni wasiojulikana na kuwaletea ndama. Kurani inaitaja katika sura ya Hud na ya Adh-Dhariyat, na Mwanzo inaisimulia katika sura ya 18. Sifa zote zimemwendea Ibrahimu. Lakini kwa masimulizi ya Mwanzo, aliyeambiwa aharakishe kukanda vipimo vitatu vya unga katika joto la mchana ni Sara, na aliyemtayarisha ndama ni kijana ambaye hata jina hakupewa. Wahubiri wamelisifu hema la Ibrahimu kwa karne nyingi. Ni wachache waliouliza kama kijana yule alionja nyama ile.

Kijana huyo yuko Goma, na aghalabu ni mwanamke.

Maji pekee yanatosha kuonyesha kazi yake. Mawe ya lava hunywa mvua yote, hivyo mji hauna mito wala vijito ndani yake, na kuchimba mtaro wa bomba katika mwamba ule ni kazi ya suluba. Maji husukumwa kutoka ziwani kwenda kwenye matangi ya juu, na umeme ukikatika, nayo hukatika. Lava ya 2021 iliharibu tangi kubwa na mabomba upande wa kaskazini. Siku za mapigano ya Januari 2025 umeme ulizimika na watu wakarudi kuchota ziwani moja kwa moja. Katika siku kama hizo, bafu la mgeni hujazwa kwa bidon za njano za lita 20, zinazopandishwa kutoka ufukoni kwa mgongo wa mwanamke au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa. Mgeni anayeacha maji yatiririke akingoja yapate moto anaimwaga safari ya mtu mwingine, na mara nyingi hajui, kwa sababu nyumba nzuri imejengwa ili asijue.

Yapo pia mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi. Hukusanyika mabondeni na mashimoni, hasa usiku usio na upepo na alfajiri kabla jua halijaipasha ardhi. Magharibi mwa mji, kuelekea ziwani, imeua mbuzi, mbwa na watu. Ndiyo maana katika sehemu hizo mwenye busara huuliza kuhusu chumba chake: kipo chini au juu, madirisha yanapitisha hewa, bustani ina shimo? Mgeni huwa amejibiwa vizuri, maana hupewa ghorofa ya juu. Sentineli, mlinzi wa usiku, hujinyoosha kwenye kibanda kando ya lango, chini kabisa, mahali ambapo kiwanja kimeinama. Kwa hiyo swali la mahali anapolala sentineli ni la uhai. Mmiliki anayejua jibu lake kwa hakika, na aliyekiinua kibanda kile kwa ngazi mbili tatu za mawe, amefanya theolojia kubwa kwa sementi kidogo.

Mtu anayechagua nyumba ya wageni kwa namna hii hahitaji kufanya ukaguzi. Inatosha afike mapema, akae uwanjani, asalimie. Goma salamu haiharakishwi, na baada ya kuuliza habari za watoto si kosa kumwuliza mpishi, “Mama, unapumzikaka siku gani?” Kuna nyumba ambako swali hilo hujibiwa mara moja: siku fulani, na fulani humshikia zamu. Kuna nyumba ambako mama hucheka, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Kicheko hicho kinamweleza msafiri mengi kuliko picha za vyumba.

Sheria nayo inasema. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na inaamuru pumziko la kila wiki. Katika mji ambao mamlaka zimebadilika kwa mtutu, hakuna mkaguzi atakayebisha hodi kwenye nyumba ya vyumba vinne. Hapo dhamiri ya mteja inabeba kilichopaswa kubebwa na dola. Mzigo huo si wake peke yake, lakini hawezi kusema haumhusu.

Malipo ni jambo la kidini vilevile. Torati inaamuru kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua, na Waislamu wamepokea mafundisho ya Mtume kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, amri hizi zilipata uzito mpya. Noti zikawa adimu, na noti ya dola iliyochanika pembe au kuchakaa hukataliwa sokoni. Mmiliki asiyepata noti huahirisha mshahara, na aliye wa mwisho katika foleni ya kulipwa huwa ni mfuaji wa mashuka. Mgeni anayelipa taslimu, kwa noti ndogo na safi, bila kungoja siku ya kuondoka, anauwezesha mnyororo mzima kwenda.

Kuna pingamizi la haki. Mmiliki mwenyewe mara nyingi si tajiri. Aweza kuwa mjane aliyegeuza vyumba vya wanawe walioondoka kuwa riziki. Anaamka kabla ya mpishi na kulala baada ya sentineli, na kumdai aajiri mtu wa zamu ni kumdai asichonacho. Hili ni kweli, na ndipo bei inapoingia. Msafiri anayebembeleza bei ya usiku ipunguzwe kwa dola tano, katika nyumba ya namna hiyo, huenda amenunua siku ya mapumziko ya mtu. Ni afadhali alale usiku mmoja kwa bei kamili kuliko mitatu kwa bei iliyokamuliwa. Na kama uwezo wake ni wa usiku mmoja tu, usiku mmoja ni pumziko.

Tena Goma ina ukarimu wa aina nyingine unaoipima nyumba ya kulipia. Tarehe 27 Mei 2021, serikali ya mkoa ilipoamuru kartiye kumi ziondoke kwa hofu ya mlipuko mwingine, mamia ya maelfu walishika njia kuelekea Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Wengi walipokewa katika makanisa, mashule, na nyumba za watu ambao wenyewe walikuwa na godoro moja. Katika nyumba hizo mgeni hakuketi akihudumiwa: alifagia, alichota maji, alimenya viazi. Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu ilitimia siku ya kwanza, na haikumdhalilisha mtu. Aliyelala namna hiyo mwaka 2021, akiingia leo kwenye nyumba ya wageni yenye bustani, anajua tayari kwamba kutandika kitanda chake mwenyewe hakumpunguzii heshima wala mapumziko.

Kuhusu siku ya kupumzika, Goma ina bahati ambayo wamiliki wachache wameitumia. Waadventista wake, ambao ni wengi Kivu nzima, huacha kazi tangu jua la Ijumaa linapotua hadi la Jumamosi. Wakatoliki na Wabaptisti hutaka Jumapili, na Waislamu wa mtaa wa Birere huhitaji mchana wa Ijumaa. Nyumba yenye mpishi Mwadventista, mfuaji Mkatoliki na sentineli Mwislamu inaweza kupanga zamu zake bila mtu yeyote kukosa ibada wala usingizi, mradi mgeni akubali kwamba asubuhi moja mayai yatakuwa yamechemshwa tangu jana yake, na chai itatoka kwenye chupa.