JE, SAMAKI HUONA KIU?



Tumeulizwa na kijana mmoja wa chuoni: "Samaki yumo majini usiku na mchana, je, hunywa maji, na huona kiu?" Waliokuwapo walimcheka, na mmoja wao akamkemea kuwa huo ni upuuzi. Sisi hatuoni hivyo. Aulizaye habari za kazi ya Muumba wake hakukosa adabu, na kumjibu ni wajibu wetu.

Jueni ya kwamba maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 katika kila lita, na damu ya changu au tafi ina chumvi kama thuluthi ya hiyo. Na desturi ya maji ni kutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na chumvi nyingi. Basi maji ya mwilini mwake humvuja daima kwa njia ya matamvua. Lau asingekunywa angalikauka, hali amezungukwa na maji pande zote! Kwa hiyo huyanywa yale yale ya bahari, nayo matumbo huyafyonza pamoja na chumvi yake. Kisha katika matamvua Mwenyezi Mungu ametia chembe hai ndogo mno ambazo kazi yao ni kuitoa chumvi hiyo.

Ama kambare wa mtoni, yeye ni kinyume. Maji matamu humwingia yenyewe, hana haja ya kuyanywa ila kidogo sana, na taabu yake ni kuyatoa kwa mkojo mwingi.

Na kiu? Kiu yetu hututuma kwenda kuyatafuta maji. Samaki hana pa kuyatafuta, kwani yamo kinywani mwake. Mwili ukipungukiwa, ubongo humwamrisha ameze tu.

Hapa tuzingatie. Changu haokoki kwa kuwamo majini. Huokoka kwa kunywa na kuitoa chumvi. Nasi twakaa katika miji yenye misikiti kila mtaa, adhana twaisikia mara 5 kwa siku. Lakini ni wangapi waliohitimu msahafu, wala hawajui maana ya Alhamdu waisomayo katika kila rakaa? Na ni wangapi wanywao elimu pamoja na chumvi yake, yaani mazoea yasiyo na dalili, wasiitoe?

Basi kijana huyo asikemewe. Yeye ameona kiu. Wa kuhofiwa ni yule aliyekauka naye hana habari.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.