"Tulia!" Nani Kakwambia Sitaki?

Ndugu msomaji, umewahi kupanda daladala ukamkuta mtu kabanwa na pumu? Kifua kinalia kama filimbi, mabega yanapanda na kushuka, na abiria wa siti ya nyuma anapaza sauti: "Tulia bwana, acha wasiwasi!" Nia yake njema. Lakini neno lile lina mwiba, kana kwamba mgonjwa kajibana mwenyewe.

Je, utulivu ni wajibu wa mgonjwa?

Wapo waliolifanya neno "tulia" kuwa tiba, wakaiita bayofidibaki. Unafungwa vipimo, mapigo ya moyo wako yanachorwa kwenye skrini, nawe unajifunza kupumua polepole, kama mara 6 kwa dakika, mpaka moyo na pumzi viende pamoja: ukivuta unakwenda mbio, ukitoa unapoa. Mwaka 2004 Paul Lehrer na wenzake, huko New Jersey, Marekani, walitangaza matokeo ya watu wazima 94 wenye pumu. Waliofundishwa hivyo waliandikiwa dawa kidogo kuliko wenzao. Kumbe mwili husikia!

Ila subiri kwanza. Katika jaribio lilelile walikuwamo waliopewa mafunzo ya bandia. Hao nao walisema dalili zimepungua, lakini mapafu yao hayakupata nafuu. Na mwaka 2018 Lehrer huyohuyo na wenzake wakaandika kwamba mazoezi haya hayawezi kushika nafasi ya dawa ya steroidi ya kuvuta kila siku.

Hapo ndipo swali la haki linapoingia. Kumfundisha mtu kuutawala mwili wake ni kumheshimu. Kumdai utawala huo ni kumwonea. Maana usiku akibanwa tena, tutasemaje? Eti hakutulia vya kutosha? Eti atupe dawa, ajikaze? Jamani, pumu ni njia za hewa kuvimba na kubana. Si woga, wala si upungufu wa imani.

Mimi nasema mazoezi yafundishwe, na dawa iwepo. Yakimsaidia, tufurahi naye. Yasipomsaidia, asihesabiwe kosa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo siku nyingine, ndugu yangu, kabla hujasema "tulia", muulize kwanza: "Pampu yako ya dawa iko wapi, nikutolee?"