Faili na Mtu

Katika maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiingereza, ni machache yenye nguvu juu ya maisha ya watu kama neno faili. Ni neno fupi, nalo halitishi sikioni. Walakini mtu aambiwapo kuwa faili lake halionekani, moyo humshuka; na aambiwapo kuwa amefunguliwa faili, usingizi humruka. Kwa sababu ya karatasi zilizomo ndani ya jalada moja, mmoja hupata kiwanja na mwingine hukikosa. Mmoja hulipwa kiinua mgongo chake na mwingine hurudi nyumbani mikono mitupu. Kitu chenye uwezo mkubwa hivi chastahili kuulizwa asili yake, kazi yake na mpaka wake. Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu ni hili: maneno ya faili na maneno ya mtu yasipopatana, ni yapi yenye haki ya kusadikiwa?

Tuanze na asili. Neno la Kiingereza “file” lilitoka katika Kifaransa, na Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini, ambako filum lilikuwa na maana ya uzi. Zamani makarani wa Ulaya walikuwa wakizitunga karatasi zao katika uzi au waya, moja baada ya nyingine, kama mvuvi atungavyo samaki. Uzi ule ndio uliokuwa faili. Mstari wa watu waendao mmoja nyuma ya mwingine nao uliitwa kwa jina hilo hilo. Tupa ya fundi huitwa hivyo pia kwa Kiingereza, lakini hapana undugu baina ya maneno hayo mawili. Yamefanana sura tu. Leo neno limehamia katika kompyuta na simu, ambamo hamna uzi wala karatasi, lakini maana ya kwanza haikufa: faili ni mambo yaliyotungwa pamoja ili yasitawanyike.

Kabla ya faili kuja, Waswahili hawakuwa bila maneno ya namna hii. Daftari lilitufikia kwa njia ya Waarabu na Waajemi, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kiyunani lililokuwa na maana ya ngozi iliyotengenezwa. Jalada nalo lina ngozi ndani yake, maana latokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo. Waraka asili yake ni jani. Tazama basi: uzi, ngozi na jani. Majina yote haya ni ya vyombo; hutaja kile kilichoyashika maneno, wala hayamtaji aliyeyasema. Neno moja miongoni mwa tuyatumiayo ni tofauti, nalo ni kumbukumbu. Hili limezaliwa na kitenzi kukumbuka, na kukumbuka ni kazi ya mtu aliye hai. Ngozi haikumbuki, uzi haukumbuki. Twasema kwa mazoea kwamba masjala ina kumbukumbu. Kwa hakika masjala ina karatasi, na kumbukumbu huanza pale mtu anapozifungua karatasi zile kwa nia ya kuujua ukweli.

Tusidhani kwamba kuandika ni jambo baya, au ni jambo tuliloletewa na wageni. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli. Kichwa cha mwanadamu husahau, na ulimi wake hugeuka kwa tamaa au kwa hofu. Msomaji wa Kurani ajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, yahusu jambo hili hili. Imewaamuru wanaokopeshana kwa muda waliandike deni lao, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Lakini aya haikukomea hapo. Imeamuru kwamba mdaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, tena wawepo mashahidi. Hekima iliyomo ni kubwa. Yule ambaye maandishi yatamfunga ndiye anayepewa nafasi ya kusema kwanza. Na maandishi, hata yakiwa sahihi, hayaachwi yasimame peke yake bila watu wa kuyashuhudia. Hiki ndicho kipimo cha faili la haki, nacho chaweza kutusaidia kuyapima mafaili mengine.

Kitu cha kwanza cha kupimwa kwa kipimo hicho na kiwe kipande cha Kenya. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa na cheti chenye jina lake, alama za vidole vyake, na habari za kazi na ujira wake. Cheti kilitiwa katika kikopo cha chuma, na kikopo kikaning'inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Pasipo sahihi yake mtu hakuwa huru kwenda kutafuta kazi penginepo. Harry Thuku alipowakusanya watu wa Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yao makubwa. Hawakuchukia maandishi, wengi wao walikuwa wakitamani mno watoto wao wajue kuandika. Walichochukia ni maandishi ambayo aliyefungwa nayo hakuwa na neno ndani yake. Ule uzi wa makarani ulikuwa umeacha kutunga karatasi, ukawa watunga watu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ukoloni ulipokaribia kwisha, serikali ya Uingereza ilitoa maagizo mwaka 1961 kuhusu mafaili ya makoloni: yale ambayo yangeweza kuiaibisha yasirithiwe na serikali mpya. Mengine yalichomwa moto, na agizo likasema hata majivu yavunjwevunjwe. Mengine yalisafirishwa hadi Uingereza. Kwa muda wa karibu miaka 50 yale yaliyotoka Kenya yalifichwa, na wazee waliopita katika kambi za kizuizi wakati wa vita vya Mau Mau walikuwa wakisimulia walivyopigwa na kuteswa, na wengi waliowasikia wakiyaita masimulizi yao maneno matupu. Walikuwa na makovu, lakini hawakuwa na karatasi.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ile ilikiri kwamba mafaili yaliyoletwa kutoka makoloni yalikuwako Hanslope Park. Yalikuwa yapata 8,800, ya makoloni 37, na miongoni mwake yapata 1,500 yalihusu Kenya. Serikali ilijitetea kwamba muda mrefu umepita mno, kesi haiwezi kuamuliwa kwa haki. Oktoba mwaka 2012 Jaji McCombe aliukataa utetezi huo, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa wingi wa maandishi yaliyosalia. Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza majuto yake mbele ya Bunge, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Wako watakaosema kuwa kisa hiki chathibitisha ukuu wa faili, kwa kuwa karatasi ndizo zilizowapa wazee ushindi. Nakubali kwamba zilisaidia sana. Lakini tuuangalie mpango wa mambo. Karatasi hazikujifungua zenyewe. Zilikaa gizani miaka yote ile, kimya kama mawe, mpaka wazee waliposimama na wanahistoria wakaungana nao kudai zitafutwe. Mtu ndiye aliyelisemesha faili. Faili halikumsemesha mtu. Tena wale waliokufa kabla ya mwaka 2011 walikuwa wakisema kweli ile ile waliyoisema walioshinda. Ukweli wao haukuzaliwa siku jalada lilipofunguliwa. Siku ile ilizaliwa imani ya wasikilizaji tu. Kumnyima mtu masikio kwa sababu karatasi yake imefichwa na mwenzake ni kumdhulumu mara mbili.

Hata hivyo lazima tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Si kila asemaye kwa mdomo husema kweli. Wako wadaio mashamba ya wenzao, na vyeti vya kughushi si habari mpya. Lakini udhaifu huo wa ulimi wapatikana vile vile katika kalamu. Uhakiki wa mwaka 2016 nchini Tanzania ulivumbua watumishi hewa zaidi ya 10,000: majina yaliyokuwa na nafasi katika orodha za mishahara, na mtumishi hayupo. Hapo faili lilikuwapo bila mtu. Na kila siku katika ofisi zetu wapo wazee waliotumika miaka 30, wakasimama mbele ya dirisha na kuambiwa warudi kesho kwa kuwa jalada halionekani. Hapo mtu yupo bila faili. Ajabu ni kwamba huyu asiye na mwili alilipwa kwa wepesi, na huyu mwenye mwili, mwenye mvi na fimbo mkononi, aliombwa ushahidi kwamba aliwahi kufanya kazi.

Basi jibu la swali letu ni lipi? Faili ni shahidi, wala si hakimu. Ushahidi wake una uzito, maana hauzeeki upesi wala hauogopi. Lakini kama shahidi mwingine yeyote hapana budi uulizwe: nani aliyeuandika, alitaka nini, na je, aliyeandikwa alipewa nafasi ya kusema? Faili lililompa nafasi hiyo lastahili kusadikiwa sana. Lililomnyima lisadikiwe kwa tahadhari, na yeye asikilizwe kwanza. Sheria za siku hizi zimeanza kuuelekea msimamo huu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi, zimempa mtu haki ya kuziona habari zilizowekwa juu yake na kutaka makosa yarekebishwe. Ni haki njema, lakini haki iliyomo katika sheria huishi kwa tabia ya watu.

Tabia hiyo yawahusu watatu. Mwandishi na ajue kwamba anaandika juu ya mtu asiyekuwapo, na asiyekuwapo hawezi kujitetea. Kwa hiyo aandike alichokiona, asiandike alichokidhania. Mtunzaji na ajue kwamba jalada ni amana, na kulipoteza kwa uzembe au kulificha kwa rushwa ni wizi, hata kama hakuchukua hata senti moja. Msomaji wa faili, ambaye ndiye mwenye kuamua, ainue macho yake kutoka kwenye karatasi amtazame aliyesimama mbele yake, amuulize, na asubiri jibu. Kuuliza huko hakuchukui muda mwingi, na kwaweza kumwokolea mtu jasho la miaka 30.