Wekeni Fagio Chini, Watu wa Tura

Ndugu zangu wa Tura, walimu, wazazi, nanyi wanafunzi mnaofika shuleni alfajiri na ufagio mkononi: ufagio huo unatenda dhambi! Kila asubuhi unakwangua uwanja hadi udongo ukabaki mtupu, nasi tunajisifu kwamba shule ni safi. Safi kwa nani? Kinyonga hana pa kupanda. Mlembe, ndege aliyewaongoza babu zetu hadi kwenye asali, hana sababu ya kutua. Mvua ya Novemba ikinyesha, udongo unakwenda zake.

Hapa ndipo wapagazi wa misafara kutoka Bagamoyo walipovuta pumzi baada ya kuvuka Mgunda Mkali, ile nyika ya kiu. Tura ilikuwa mlango wa Unyamwezi. Wasafiri wa Kizungu nao walipita, Burton mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na mtoto wetu anayataja majina hayo kwenye mtihani bila kusita. Mpe jani la mtundu uone kama ataujua mti wake! Tumbaku imekula kuni, mkaa umekula magogo, na sisi shuleni tukapanda mikaratusi kwa mstari kama askari wa gwaride, tukaiita mazingira.

Siombi pesa. Siombi hata miche. Naomba kona moja ya uwanja isiyofagiliwa. Mtundu na mninga ikikatwa, mizizi hubaki hai ardhini. Wakulima wa Dodoma wana njia wanayoiita kisiki hai: wanachagua machipukizi machache yenye nguvu, wanapogoa mengine, wanazuia mbuzi, na miti inarudi. Dodoma, penye ukame kutuzidi! Sisi tuna udhuru gani?

Mkristo afungue Ayubu sura ya 12, aone wanyama na ndege wakitajwa kuwa walimu. Mwislamu akumbuke Mtume alivyofundisha kwamba ndege akila katika ulichopanda, umeandikiwa sadaka. Basi mbona tumewafukuza walimu hao, na sadaka hiyo tumeifagia?

Mtasema: nyoka. Hofu hiyo ni ya haki, na anayeicheka hajawahi kumzika mtoto. Kwa hiyo kona itengwe mbali na madarasa na vyoo, njia yake ifyekwe, na mtoto asiingie bila mwalimu. Mti uliokufa uachwe usimame, maana hondohondo hutaga kwenye pango la mti. Mkiweka mzinga, uwe wa nyuki wadogo wasiouma. Chombo cha maji ya ndege kiwe na kina kifupi, kisafishwe mara kwa mara, mbu wasizaliane. Barabara ya kuzuia moto isafishwe Juni, msingoje Septemba mapori yanapowaka kila upande. Moto mmoja unafuta kazi ya miaka.

Kamati ya shule itakapokaa, mzazi mmoja asimame, aombe kona ya hatua thelathini kwa thelathini. Katibu aandike kwenye muhtasari, mwalimu wa zamu asomewe: hapa hapafagiliwi, na mwanafunzi asiadhibiwe kwa kuyaacha majani yalipoanguka.