Unamjengea Nani?



Somo letu la wiki hii ni Matendo ya Mitume sura ya 16. Ninaandika kulihusu nikiwawaza hasa vijana wetu walioanzisha kampuni: wa programu za simu, wa taa za sola, wa kumuunganisha mkulima na mnunuzi. Wameongezeka sana katika kanisa letu hapa Nairobi. Jumapili tunawaona mbele wakiongoza sifa, na wengi wetu hatujui kwamba Jumatatu alfajiri wanaamka wakiwaza mishahara ya wenzao watatu au wanne huku akaunti haina kitu. Wazazi wao huniuliza, "Mchungaji, huyu mtoto ana digrii, mbona hatafuti kazi?" Wao wenyewe huniuliza jambo lingine: nitajuaje kama Mungu anataka nivumilie au niache?

Paulo alikuwa na mpango mzuri. Yeye na wenzake walitaka kuhubiri katika jimbo la Asia, wakazuiwa. Wakajaribu kuingia Bithinia, mlango ukafungwa tena. Luka hasemi walizuiwa kwa njia gani, iwe ugonjwa, iwe njia mbovu, iwe neno la nabii. Anasema tu kwamba ni Roho. Wafikirieni watu hao, wametembea kwa miguu siku nyingi, wana ujumbe walio tayari kuufia, na kila wanakogeukia hawapati pa kuupeleka. Wakafika Troa, pwani, nchi kavu ikawaishia. Hapo ndipo usiku Paulo alipoona katika maono mtu wa Makedonia akimsihi avuke akawasaidie.

Wakavuka. Luka hatuambii kwamba katika Filipi, mji wa Makedonia, walimkuta yule mwanamume wa maono. Siku ya sabato walitoka nje ya lango hadi ukingoni mwa mto, wakaketi na wanawake waliokusanyika kuomba. Mmoja wao, ambaye Bwana alimfungua moyo, alikuwa Lidia, mfanyabiashara wa zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Na Thiatira ilikuwa katika jimbo la Asia, kule kule walikozuiwa kwenda. Kila nikifika hapo lazima nitue. Mtu wa Asia walimpata, ila si mahali walipopanga kumtafuta, na wangempita kama wangeng'ang'ania kumtafuta mwanamume waliyeonyeshwa usiku.

Hapa kwetu tunaishi na kazi iliyopitia njia kama hiyo, na tunaitumia hata kutolea sadaka. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, pamoja na Safaricom, ilianza kujaribu M-Pesa. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie, na sehemu ya gharama ililipwa na idara ya maendeleo ya serikali ya Uingereza. Haikukusudiwa kuwa njia ya kutumiana pesa. Ilikusudiwa kumsaidia mtu aliyekopa kutoka Faulu Kenya alipe mkopo wake kwa simu, badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Wateja wa majaribio walikuwa mia chache tu, wa Nairobi na Thika, na ilibidi wafundishwe kwa subira, maana wengi walikuwa wamezoea simu ya kupiga na kupokea basi.

Watu hao wakaanza kuifanyia mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wengine walinunua salio na kulituma kwa jamaa zao kijijini. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya kusafiri na kuzitoa walikofika, wasiporwe njiani. Wafanyabiashara wakalaza humo mauzo ya jioni, kwa sababu benki zilikuwa zimeshafungwa. Mama mmoja, ambaye mumewe aliporwa, alimtumia mumewe nauli ya basi arudi nyumbani. Wakati huohuo, upande wa mikopo ulikuwa unawasumbua waliosimamia kazi: kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya mkopeshaji kulikuwa kazi nzito. Huduma ilipozinduliwa kwa taifa zima Machi 2007, mikopo iliwekwa kando, na wananchi wakaambiwa jambo moja tu, kwamba wanaweza kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka ule haujaisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni 1.

Ninachokithamini hapo si ile milioni. Ni kwamba kulikuwa na watu waliolipwa kuwatazama wateja wale wachache, na walipoona mama ametuma nauli hawakuandika kwamba ametumia huduma vibaya. Mpango ulikuwa umegharimu pesa nyingi na miaka ya kazi. Kuuachilia mpango ambao jina lako limeandikwa juu yake ni unyenyekevu, hata kama aliyeufanya hakuuita hivyo.

Lakini nisiwadanganye vijana wangu. Nyuma ya M-Pesa kulikuwa na kampuni kubwa iliyoweza kukosea kwa mwaka mzima bila kulala njaa. Ninyi mna mkopo wa SACCO uliodhaminiwa na mjomba, na pesa ya shamba ambalo mama aliliuza. Mpango ukibadilika katikati, nani atamweleza mjomba? Nimeona kwamba hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanajua kwamba walichojenga hakitumiki, wameshaliona hilo kwa macho yao, ila hawawezi kulisema mbele ya waliotoa pesa, basi wanaendelea kukijenga.

Dada mmoja wa ushirika wetu wa vijana alitengeneza programu ya kuwasaidia mama mboga kuagiza bidhaa bila kwenda soko la Marikiti usiku wa manane. Ilikuwa kazi nzuri, nami niliiombea. Watu walipakua, kisha wakaacha. Akaenda kuketi na mama mmoja kwenye kibanda chake, si kumhoji, ni kukaa tu tangu asubuhi. Mikono ya yule mama ilikuwa na maji muda wote, anaosha, anakatakata sukuma wiki, anafunga, anarudisha chenji. Simu alikuwa nayo mtoto, nyumbani. Wanaodaiwa aliwaandika kwa kalamu katika daftari la shule lililokuwa chini ya gunia, na jambo lililomkosesha usingizi halikuwa safari ya sokoni hata kidogo. Sokoni anakupenda: ndiko anakochagua nyanya kwa mkono wake na kupata habari za wenzake. Linalomuumiza ni madeni. "Mwanangu, hawa wananila polepole," alimwambia.

Dada yule alirudi akaniambia amechanganyikiwa, maana amekuwa akitatua shida ambayo mama hana. Nilimwambia kwamba amefika ukingoni mwa mto, na mtu yuko pale. Bado hajui atafanya nini na lile daftari. Anaendelea kwenda kibandani, naye mama sasa anampa kazi ya kuchambua mboga.

Kwa hiyo, kwa wale wanaoniuliza wavumilie au waache, nawasihi wagawe swali hilo. Yule mtu uliyeitwa kumtumikia, usimwache upesi. Kile ulichomjengea, kishike kwa mkono uliolegea. Uvumilivu tunaousifu madhabahuni mara nyingine ni mtu kung'ang'ania kazi ya mikono yake mwenyewe, na sisi wachungaji tumelipaka jambo hilo jina la imani. Tumewahubiria mno mnara wa Luka 14, mjenzi aliyeshindwa kumaliza, tukawafundisha kuogopa kuchekwa. Kuhesabu gharama ni amri ya Bwana na siiondoi. Ila katika mfano ule wako pia watazamaji wanaocheka, na sijawahi kusikia mahubiri yanayotuuliza kama hao ni sisi.

Sura ya 16 inaendelea, na inaingia mahali pagumu zaidi. Katika mji uleule wa Filipi kulikuwa na kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na mabwana zake walipata faida kubwa kwa kuagua kwake. Hiyo ilikuwa biashara iliyostawi. Wateja walikuwepo, mapato yalikuwepo. Paulo alipomweka huru, mabwana hawakumtazama msichana aliyepona. Waliona kwamba tumaini lao la faida limepotea, wakamkamata Paulo na Sila, wakawaburuta hadi sokoni mbele ya wakuu wa mji.

Tumeyaona hayo katika simu zetu. Zilipokuja programu za mikopo ya haraka, nyingine zilichukua orodha ya majina yote katika simu ya mkopaji, na alipochelewa, ujumbe wa kumuaibisha ukatumwa kwa bosi wake, kwa shemeji, kwa mwalimu wa mtoto wake. Wako washirika wetu waliopitia aibu hiyo, na nimeketi nao. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kuwapa leseni wakopeshaji wa namna hiyo, na kanuni hizo zinakataza vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mkopaji. Nashukuru kwa hilo. Ila programu zile ziliandikwa na vijana wenye akili kama ninyi, baadhi yao pengine waliolelewa katika shule za Jumapili. Kuna siku mwekezaji atakuuliza kwa nini mapato hayapandi, na njia ya kuyapandisha itapita juu ya mgongo wa mtu aliyekuamini. Siku hiyo nataka umkumbuke msichana wa Filipi kabla hujajibu.

Na kwa kanisa lote: kampuni ikifunguliwa tunaitwa kuombea ofisi, tunakata utepe, tunapiga picha. Ikifungwa, mwenyewe huhamia ibada ya saa moja asubuhi ili asikutane na watu, au anatoweka kabisa, huku bado anadaiwa mishahara ya miezi na kodi ya ofisi. Nimezungumza na wazee wa kanisa. Kuanzia Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, mhasibu mmoja na wakili mmoja kati ya washirika wetu wataketi katika chumba cha ushirika wa vijana. Yeyote ambaye biashara yake inayumba au imefungwa aje na vitabu vyake jinsi vilivyo, tuangalie pamoja nani alipwe kwanza na nani aombwe muda. Nami nitakuwepo. Akihitaji mtu wa kwenda naye kwa mjomba, tutakwenda.