Je, Ni Kitu Kilekile?

Yako maswali yanayoonekana kama mchezo wa maneno mpaka yaingiapo nyumbani na kuwagombanisha ndugu. Moja la maswali hayo ni hili: kitu kikibadilishwa sehemu zake zote, moja baada ya moja, je, ni kilekile au ni kingine?

Wayunani wa kale waliuliza hivyo juu ya merikebu. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus, na kila ubao ulipooza waliutoa wakatia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakasema ni ileile, na hawa wakasema siyo. Lakini sisi hatuna haja ya kuvuka bahari kulitafuta swali hili. Twaweza kulikuta Siongiroi, katika Chepalungu, Kaunti ya Bomet.

Tuseme, msomaji, kwamba mzee mmoja wa huko aliuza maziwa ya ng'ombe wake, akaweka akiba, akanunua kompyuta ya mezani. Akawaambia wanawe wawili, "Hii ni yenu nyote." Baada ya miaka michache mzee akafariki, na kompyuta nayo ikazeeka. Mwana mkubwa, aliyekwisha kupata kazi mjini Kericho, akaanza kuitengeneza kwa mshahara wake. Kwanza aliongeza kumbukumbu, ili programu nyingi zifanye kazi pamoja bila kusongana. Kisha akaondoa diski ya zamani inayozunguka, akatia ya kisasa isiyo na kitu kizungukacho ndani yake, na kompyuta ikawa nyepesi kuwaka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10. Na kwa kuwa Windows 11 haikuikubali prosesa ile kuukuu, alinunua prosesa mpya na ubao mama wa kulingana nayo. Mwisho akabadilisha kifaa cha kugawa umeme na kasha lenyewe. Siku hiyo akamwambia mdogo wake, "Sasa hii ni yangu peke yangu. Haikubaki ndani yake hata parafujo moja ya baba."

Je, asema kweli? Ukihesabu chuma na waya, asema kweli. Hata Windows huelekea upande wake, maana ubao mama ukibadilishwa, programu hiyo yaweza kuiona kompyuta kuwa ngeni, ikadai kuthibitishwa upya. Tena fedha zilizotumika ni jasho lake, na jasho la mtu halidharauliwi.

Lakini tafakari jambo hili. Chembe nyekundu za damu yako huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nafasi zao hushikwa na nyingine. Mtu aliyekopa fedha mwezi wa Januari akikataa kulipa mwezi wa Juni, kwa hoja kwamba damu iliyokopa si damu aliyo nayo leo, tutamcheka. Deni halikukopwa na damu. Lilikopwa na mtu.

Tafakari pia mashamba ya chai ya Kericho. Kila baada ya miaka kadhaa michai hupogolewa, ikabaki mifupi isiyo na majani ya kuchuma. Majani yatakayochipuka baadaye ni mapya yote. Lakini hakuna jirani athubutuye kusema kwamba shamba limepotelewa na mwenyewe. Shina lipo, na mizizi ipo.

Basi shina la kompyuta ile ni nini? Ni neno la baba. Mzee aliwapa wanawe wote wawili mahali pa kusomea, na kila kifaa kipya kiliingia katika nafasi ya kifaa cha zawadi hiyo, kikaurithi wajibu wake. Kama mkubwa alitaka kompyuta yake mwenyewe, njia ilikuwa wazi: angenunua nyingine, akaiacha ile mahali pake. Badala yake alijenga juu ya msingi wa watu wawili, kisha akadai paa na msingi pia.

Wala mdogo asiyafanye maneno haya kuwa mto wa kulalia. Anayefaidi jasho la nduguye humshukuru, na apatapo uwezo humsaidia gharama. Haki ya kutumia huja pamoja na wajibu wa kutunza.

Nawe, msomaji, utabadilisha mambo mengi maishani mwako: nyumba, kazi, mavazi, pengine hata mawazo. Badilisha bila hofu, kwa maana kisichotengenezwa huoza. Lakini kabla ya kusema kwamba cha zamani kimekwisha na wewe huwiwi na mtu, uliza kwanza ni neno gani lililotolewa juu yake, na lilitolewa kwa nani. Mbao huoza na prosesa huzeeka, bali ahadi ni deni.