Baba Hajulikani

Hivi, ndugu msomaji, mjukuu ana haki ya kukijua kile ambacho wakubwa waliamua kukinyamazia?

Nauliza kwa sababu baba yangu anataka kujengea kaburi la babu, na fundi anasubiri maandishi: jina lake, jina la baba yake, tarehe ya kuzaliwa. Nikatumwa mimi, eti ndiye msomi.

Sheria ya mkoloni ya 1920 ilihusu uandikishaji wa vizazi na vifo, lakini Mwafrika hakulazimishwa kuandikwa. Leo ofisi ya RITA haiwezi kukupa nakala ya kitu ambacho hakikuandikwa. Kwetu Usukumani daftari lilikuwa jina lenyewe: Mabula alizaliwa wakati wa mvua, Nzala wakati wa njaa, Shija aliwafuata mapacha. (Njaa ipi? Hapo wazee watabishana mpaka ugali upoe.) Vinginevyo ni vitabu vya ubatizo. Mapadre Weupe walifika Bukumbi mwaka 1883, na vitabu vyao waliandika kwa Kilatini.

Katika parokia moja nikaoneshwa mstari wa babu. Tarehe ipo. Mama yupo, msimamizi yupo. Mahali pa baba: ignotus. Hajulikani.

Hajulikani na nani? Kwa mila ya Kisukuma, ambayo Hans Cory aliiandikia kitabu mwaka 1953, ng'ombe wa mahari ndio waliompa mtoto ukoo. Mahari isipotolewa, mtoto ni wa upande wa mama, hata kama kijiji kizima kinamjua baba na kinamsalimia kila asubuhi. Yawezekana padre aliuliza swali la kwao akajibiwa kwa mila ya kwetu. Yawezekana pia mama wa watu hakutaka kusema, basi.

Washikaji kijiweni Kirumba wanasema ukweli ni ukweli, utangaze. Mimi nakataa. Siri ilikuwa ya yule mama. Yeye hayupo, lakini hilo haliifanyi iwe mali ya kila mwenye nauli ya kwenda parokiani, wala yangu mimi ninayeota kuandika riwaya. Ila kumficha Baba pia siwezi. Jina linalotiliwa shaka ndilo analoitwa yeye.

Karatasi nimempa peke yake, si mbele ya kikao cha ukoo. Ameisoma, ameikunja, ameitia mfukoni mwa shati. Fundi bado anasubiri.